Ita Ever, Mwestonia aliyekuwa Miss Marple wa Moscow: tuifumue hii stori taratibu

Kuna filamu moja ya Kisovieti ya mwaka 1983, imetengenezwa na studio ya Mosfilm kule Moscow, dairekta Vadim Derbenyov, jina lake ukilileta kwa Kiswahili linakuwa kama "Siri ya Ndege Weusi" hivi, na ndani yake kuna mama wa Kiingereza mtu mzima, mpole, anafuatilia vifo kwenye familia ya matajiri. Ni Miss Marple yuleyule, bibi mpelelezi wa kwenye vitabu vya mwandishi Mwingereza Agatha Christie. Sasa anayemwigiza sio Mwingereza, hilo linaeleweka, filamu ni ya Kisovieti. Ila sio Mrusi pia. Ni Mwestonia anaitwa Ita Ever, na kazi yake hasa haikuwa filamu, alikuwa muigizaji wa jukwaani aliyetumia karibu maisha yake yote kwenye thieta moja tu mjini Tallinn, mji mkuu wa Estonia, akiigiza kwa lugha ambayo wasemaji wake wote duniani ni kama milioni moja na kidogo.

Kwa hiyo tuna mtu wa taifa moja, anaigiza mtu wa taifa la pili, kwa ajili ya watazamaji wa taifa la tatu. Nimeona watu wengi wakimtaja kwa hiyo filamu basi, wanaishia hapo, na mi naona ni kumwonea kabisa, manake filamu ile ni kipande kidogo tu cha maisha ya miaka 92. Ili umwelewe lazima uelewe kwanza nchi yake, halafu uelewe thieta za kule zinafanyaje kazi, halafu ndo urudi kwa Marple. Tuanze.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1931 Paide, mji mdogo katikati kabisa ya Estonia. Wakati huo Estonia ilikuwa nchi huru, uhuru ulitangazwa 1918, watu kama milioni moja na laki kidogo, wana bunge lao, magazeti yao, thieta zao. Mwaka 1940 Umoja wa Kisovieti ukaingia na kuichukua, Ita ana miaka tisa. Mwaka 1941 Wajerumani wakawafukuza Wasovieti, na 1944 Wasovieti wakarudi, safari hii wakakaa mpaka 1991. Yaani mtoto kabla hajamaliza shule ya msingi vizuri ameshaishi chini ya serikali tatu tofauti bila kuhama mtaa. Usiku wa tarehe 9 Machi 1944 ndege za Kisovieti zilipiga Tallinn mabomu, na jumba la thieta iitwayo Estonia, lile kubwa ambalo Waestonia walilijenga kwa michango yao na kulifungua 1913, likaungua. Jioni hiyohiyo ndani yake kulikuwa na onesho la baleti ya Eduard Tubin linaendelea, watu ikabidi watoke mbio. Na vuli ya mwaka huo makumi ya maelfu ya Waestonia wakakimbia kwa boti na meli kwenda Sweden na Ujerumani, wakiwemo waigizaji, waandishi na wanamuziki, halafu mwezi Machi 1949 watu zaidi ya elfu 20 wakakamatwa ndani ya siku chache na kupakiwa kwenye mabehewa kupelekwa Siberia, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Naandika haya yote kwa sababu ndo hewa aliyokuwa anavuta binti anayetaka kuwa muigizaji. Kizazi cha waigizaji waliomtangulia kilikuwa kimepukutika, wengine wako ng'ambo, wengine wameondolewa kazini kwa sababu za kisiasa, na thieta zinahitaji damu mpya.

Hapa ndo tunafika kwenye fundo la kwanza ambalo linawachanganya watu: kwa nini msichana wa Kiestonia anayetaka kuigiza kwa Kiestonia anapelekwa kusoma Moscow?

Wasovieti walikuwa na sera yao kwa mataifa madogo, walisema sanaa iwe ya kitaifa kwa umbo na ya kijamaa kwa maudhui. Tafsiri yake kwa mtaani ni kwamba igizeni kwa lugha yenu, vaeni nguo zenu, imbeni nyimbo zenu, ila kinachosemwa tutakiangalia sisi. Sasa ili hilo lifanye kazi, chuo kikuu cha sanaa za maigizo cha Moscow, kinaitwa GITIS, kilikuwa kinafungua madarasa maalum kwa ajili ya jamhuri mbalimbali. Wanachukuliwa vijana wa taifa moja, wanasomeshwa pamoja kama kundi moja kwa miaka kadhaa, halafu wanarudishwa kwao kwenda kujaza thieta. Ita Ever aliingia kwenye darasa la Waestonia na akahitimu 1953. Mwaka huohuo alihitimu hapo pia Arvo Kruusement, ambaye baadaye, mwaka 1969, aliongoza filamu ya Kevade, na mwaka 2012 hiyo Kevade ikachaguliwa kuwa filamu bora ya Estonia ya miaka mia. Na angalia tarehe: Stalin alifariki Machi 1953. Hawa vijana wameondoka Moscow kurudi nyumbani wakati mambo ndo yanaanza kulegea kidogo, wana ujuzi mkononi na mlango umefunguka upenyo.

Ujuzi wenyewe ulikuwa ni shule ya Stanislavski, dairekta wa thieta wa Kirusi. Kwa kifupi sana, muigizaji hajifanyi kulia, anatafuta mtu anayemwigiza anataka nini, nani anamzuia, atafanya nini ili akipate, na machozi yakija yanakuja kwa sababu hiyo. Mi naona hapa kuna jambo zito sana ambalo mtu asipolitazama anaweza kulipita. Mji mkuu wa dola iliyoikalia nchi yao ndo uliowapa kifaa ambacho baadaye walikitumia kuilinda lugha yao. Sisemi Moscow ilikuwa na nia njema, nasema vijana walikwenda, wakachukua kilichokuwa kizuri, wakarudi nacho nyumbani. Hata Voldemar Panso, dairekta mkubwa kabisa wa Estonia wa karne ile, alipita hapohapo GITIS akihitimu 1955, mwalimu wake alikuwa Maria Knebel aliyefundishwa na Stanislavski mwenyewe. Panso akarudi, na mwaka 1957 akaanzisha Tallinn idara ya uigizaji ndani ya konsavatori, yaani chuo cha muziki, ili watoto wa Kiestonia wasilazimike tena kwenda mbali. Karibu kila muigizaji mkubwa wa Estonia tangu hapo amepita mlango huo.

Basi, 1953, Ita anaingia Thieta ya Drama ya Tallinn, ile wenyewe wanaiita Draamateater. Hii nyumba ina historia yake. Jengo lilijengwa 1910 na sio na Waestonia, lilikuwa thieta ya Wajerumani wa Tallinn, manake Wajerumani ndo walikuwa mabwana wa ardhi na biashara kule kwa mamia ya miaka. Kundi la Waestonia lenyewe lilianzia kwenye shule ya maigizo ya Paul Sepp, wahitimu wakaanzisha thieta yao 1924, na mwaka 1939 Wajerumani walipokuwa wanahama Estonia ndo kundi likalinunua jengo. Wasovieti wakaja wakalibandika jina la Viktor Kingissepp, mkomunisti wa Kiestonia aliyeuawa 1922, na likakaa na jina hilo hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndani ya nyumba hiyohiyo kumebadilika majina, bendera na wakubwa, na mama huyu yumo anafanya mazoezi asubuhi na kuigiza jioni.

Fundo la pili sasa, na hili ndo naona wengi hawalijui kabisa. Muigizaji wa thieta ya namna hii hafanyi kazi kama staa wa filamu. Kule kuna kundi la kudumu. Unaajiriwa, una mshahara wa kila mwezi, na thieta inakuwa na michezo mingi kwa wakati mmoja inayopokezana, jumanne huu, jumatano mwingine, alhamisi wa tatu, halafu mchezo unaweza kurudi tena baada ya wiki mbili na ukaendelea hivyo kwa miaka kadhaa mpaka watu waache kununua tiketi. Kwa hiyo muigizaji mmoja wiki moja anaweza kuwa malkia jumanne, mama muuza samaki alhamisi, na jumamosi mchana bibi kwenye mchezo wa watoto, na asubuhi zote hizo yuko kwenye mazoezi ya mchezo mwingine ambao bado haujatoka. Kichwani amebeba maneno ya michezo kama sita hivi kwa wakati mmoja, hachanganyi. Na juu ya hapo kuna redio, manake redio ya Estonia ilikuwa na michezo yake na waigizaji walikuwa walewale, na baadaye televisheni. Ita Ever alifanya vyote hivyo, jukwaa, redio, tivii na filamu, na alikuwa na uwezo ambao sio kila mtu anao, wa kubeba huzuni nzito leo na kesho kuchekesha watu mpaka wafute machozi.

Faida ya mfumo huu ni kitu kimoja kizuri sana, kwamba mtazamaji anazeeka pamoja na muigizaji wake. Umemwona akiwa binti wa miaka ishirini na kitu anacheza msichana aliyependa, umeolewa, umezaa, unarudi thieta unamkuta anacheza mama, unapata wajukuu unamkuta anacheza bibi. Mji ni mdogo, unakutana naye dukani. Anakuwa kama ndugu ambaye hujawahi kuongea naye. Watu wa nchi kubwa wanapomsifu kwa "umaarufu" naona neno halitoshi, hapa tunaongelea mtu ambaye sauti yake imeingia kwenye nyumba za watu vizazi vitatu.

Na lugha. Lazima niliongelee hili. Thieta ya Kiestonia yenyewe sio ya zamani, ilianza 1870 mjini Tartu, pale mshairi Lydia Koidula, ana miaka 26 tu, alipochukua kichekesho cha Kijerumani cha Theodor Körner, akakigeuza kuwa mambo ya kwao akakiita Binamu wa Saaremaa, kikaigizwa kwenye chama cha Vanemuine. Mchezo umeandikwa na mwanamke lakini jukwaani nafasi za wanawake zilichezwa na wanaume, kwa sababu wakati ule mwanamke kusimama mbele ya watu kuigiza ilikuwa aibu. Thieta za kulipwa zikaja 1906, Vanemuine kule Tartu chini ya Karl Menning na ile thieta ya Estonia kule Tallinn. Sasa hesabu, kutoka siku ambayo mwanaume alivaa sketi kwa sababu mwanamke haruhusiwi hadi Ita Ever kuzaliwa ni miaka 61. Ni umri wa mtu mmoja tu. Wanawake waliofungua njia hiyo, akina Amalie Konsa, Netty Pinna, Erna Villmer na Liina Reiman, walikuwa bado wako hai yeye akiwa mtoto.

Halafu chini ya Wasovieti, lugha hiyo changa ya jukwaani ikawa kimbilio. Warusi walikuwa wanaletwa kwa wingi kufanya kazi viwandani, ofisini mambo mengi yalikuwa yanahamia Kirusi, lakini jioni ukinunua tiketi unakaa gizani saa mbili nzima unasikia Kiestonia safi, kilichotamkwa vizuri, kina Chekhov ndani yake, kina Brecht, kina Shakespeare. Kabla ya mchezo kutoka kulikuwa na kamati inakuja kuuangalia na kutoa kibali, na watazamaji nao walijifunza kusikia kisichosemwa, mtu akinyamaza sekunde mbili mahali fulani ukumbi mzima unaelewa. Hiyo sekunde mbili hakuna karatasi iliyoandikwa, kamati haiwezi kuifuta, ni ya muigizaji.

Kitu kingine kidogo kwetu sisi wa Kiswahili kitatugusa: Kiestonia hakina "yeye mwanaume" na "yeye mwanamke", kuna "tema" moja tu, kama "yeye" yetu. Mtafsiri wa mchezo wa Kirusi au wa Kiingereza anahangaika kama anavyohangaika mtafsiri wetu, sentensi iliyokuwa wazi kule inakuwa fumbo huku, na muigizaji ndo anabaki na kazi ya kuonesha kwa jicho na sauti anamwongelea nani.

Haya, sasa turudi kwa Marple, manake fundo la tatu ndo hili. Kwa nini Moscow imchukue Mwestonia?

Sinema ya Kisovieti ilikuwa inapenda hadithi za Magharibi lakini haiwezi kwenda Magharibi kushuti, na haiwezi kuwaleta waigizaji wa huko kirahisi. Kwa hiyo Magharibi yao ilikuwa ni nchi za Baltiki, yaani Estonia, Latvia na Lithuania. Tallinn na Riga, mji mkuu wa Latvia, zina mitaa ya mawe, makanisa yenye minara mirefu, nyumba za wafanyabiashara wa Kijerumani za karne nyingi, ukiweka kamera pale mtazamaji wa Siberia anaamini yuko Ulaya ya mbali. Mtaa wa Jauniela mjini Riga ndo uliokuwa Baker Street, mtaa wa London anakoishi mpelelezi Sherlock Holmes, kwenye filamu za Kisovieti za Holmes zilizoanza 1979. Na watu walikuwa hivyohivyo. Mtu wa Baltiki alionekana mgeni kidogo, ametulia, haongei kwa mikono mingi, Kirusi chake kina lafudhi, basi anafaa kuwa Mwingereza, Mjerumani, Mmarekani. Jüri Järvet wa Estonia alikuwa Mfalme Lear wa Shakespeare kwenye filamu ya dairekta Kozintsev ya 1971, na sauti ya Kirusi iliwekwa na mtu mwingine, Zinovy Gerdt. Vija Artmane wa Latvia aliigiza muigizaji wa kike wa London kwenye filamu ya 1978. Lembit Ulfsak wa Estonia akawa Paganel, mwanajiografia Mfaransa wa kwenye hadithi ya Jules Verne. Ukiangalia orodha hiyo kwa makini utaona kitu kinachouma kidogo, kwamba ndani ya ile "familia moja ya mataifa" waliyokuwa wanaiimba, watu wa Baltiki walionekana wageni kiasi kwamba ugeni wao ukawa ndo ajira.

Ita Ever akachukua nafasi hiyo akiwa na miaka kama 51 au 52 hivi, mdogo kwa Marple, na akaifanya kwa namna ambayo mi naipenda sana. Miaka ya 1960 muigizaji wa Kiingereza Margaret Rutherford alimfanya Marple mtu wa vituko, mkubwa, anajaza chumba. Ever kamfanya mtu ambaye unaweza kumsahau kuwa yupo chumbani, anasikiliza, na ukishamsahau ndo umekwisha. Hiyo ni mbinu ya jukwaani kabisa, ya mtu aliyejifunza kwamba aliyenyamaza ndo anatazamwa. Na alifanya hivyo mwaka mmoja kabla BBC haijaanza kumwonesha Joan Hickson, 1984, ambaye wengi wanamhesabu kuwa ndo Marple wa kweli wa kwanza, mtulivu vilevile. Jambo jingine la kupendeza, kitabu chenyewe kilichotengenezewa filamu hiyo kilitoka 1953, mwaka aliohitimu.

Nyumbani kwake sanaa ilikuwa kila kona. Aliolewa na Eino Baskin, mchekeshaji na dairekta aliyekuja kuanzisha 1980 thieta ya vichekesho iitwayo Vanalinnastuudio, yaani Studio ya Mji Mkongwe. Ndoa haikudumu, lakini mtoto wao Roman Baskin, aliyezaliwa 1954, akawa muigizaji na dairekta naye. Baskin baba akafariki 2015, Roman akafariki Oktoba 2018, na mama akiwa na miaka 87 akabaki. Sitaki kuongeza neno hapo, mzazi yeyote anaelewa.

Chini ya Wasovieti alipewa vyeo vya heshima walivyokuwa wanapewa wasanii, hadi Msanii wa Watu wa jamhuri yake. Nchi iliyotoa cheo hicho ikafa 1991. Estonia ikapata uhuru wake tena tarehe 20 Agosti mwaka huo, na miaka ya mwanzo ilikuwa migumu kwa thieta, hela imebadilika, bei zimepanda, watu wanahangaika na maisha, na ile kazi ya kunong'onezana mambo yaliyokatazwa ikaisha ghafla kwa sababu hakuna kilichokatazwa tena, unayasoma gazetini. Wengi walidhani watazamaji hawatarudi. Walirudi. Miaka ya karibuni kabla ya korona mahudhurio ya thieta Estonia kwa mwaka yalipita milioni moja, kwenye nchi ya watu milioni moja na laki tatu, ni kati ya viwango vya juu kabisa Ulaya. Na yeye aliendelea kupanda jukwaani hadi uzeeni, mbele ya watu ambao bibi zao walimwona akiwa binti.

Ita Ever alifariki tarehe 9 Agosti 2023. Agosti thieta za kule zinakuwa kwenye likizo ya kiangazi, kumbi zimefungwa, msimu mpya unaanza mwezi wa tisa. Filamu ya Marple bado ipo, unaweza kuitazama hata leo jioni ukitaka, na michezo ya redio ipo kwenye hifadhi ya redio ya kwao. Zile jioni za jukwaani, maelfu, hazikurekodiwa nyingi. Nyumba yenyewe iko palepale Pärnu maantee namba 5, Tallinn, na inaendelea kufungua mlango jioni.